George Soros: Fedha Yake Imeweza Nini, Imeshindwa Nini

Januari 2025 Rais Joe Biden alimtunuku George Soros Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima ya juu kabisa ya kiraia nchini Marekani. Mzee huyo alikuwa na miaka 94, na mwanawe Alexander ndiye aliyekwenda Ikulu kuipokea. Agosti ya mwaka huohuo Rais Donald Trump akaandika mtandaoni kwamba baba na mwana washtakiwe kwa sheria iliyotungwa kupambana na magenge ya wahalifu. Katika muda wa miezi minane, marais wawili wa nchi moja walikuwa wamemtazama mtu yuleyule, mmoja akaona shujaa na mwingine akaona mhalifu.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huyakuta mabishano haya kwenye simu yake yakiwa yamekwisha kukorogwa. Wapo wanaomwita mfadhili wa uhuru, wapo wanaomwita bwana mkubwa wa vibaraka, na wapo wanaosambaza kwamba kila maandamano duniani yamelipiwa naye. Katikati ya kelele hizo, swali lenye maana hupotea: fedha ya mhamiaji huyu imebadili nini hasa katika siasa, kwa njia gani, na nani anaweza kumwajibisha? Kulijibu kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Kutoka Budapest hadi New York

Alizaliwa Budapest, Hungaria, Agosti 1930, kwa jina la György Schwartz. Mwaka 1936, chuki dhidi ya Wayahudi ikizidi, familia ilibadili jina ikajiita Soros. Machi 1944 majeshi ya Ujerumani yaliingia Hungaria, na kati ya Mei na Julai Wayahudi zaidi ya 400,000 wa nchi hiyo walipakiwa kwenye mabehewa, wengi wao wakapelekwa Auschwitz. Baba yake, Tivadar, aliyewahi kuwa mateka wa vita huko Siberia na kutoroka, aliwatafutia watu wa familia yake na wengine wengi vyeti vya bandia. George alifichwa kwa ofisa wa serikali aliyejifanya kwamba kijana huyo ni mwana wake wa ubatizo.

Hapo ndipo uzushi mmoja mkubwa ulipochipukia. Inadaiwa kwamba Soros alishirikiana na Wanazi kuwapora Wayahudi wenzake. Kinachojulikana ni kwamba ofisa yule alitumwa kuorodhesha mali za nyumba iliyotaifishwa kutoka kwa familia ya Kiyahudi, naye akaandamana na kijana aliyekuwa akimficha. Soros alikuwa na miaka 13 vita vilipomfikia na 14 alipokuwa akijificha. Kumwita mtoto anayekimbia kifo mshirika wa wauaji ni dhuluma, na mtu yeyote anayetaka kumkosoa kwa haki anapaswa kuanza kwa kuitupa hoja hiyo.

Mwaka 1947 aliondoka Hungaria, iliyokuwa ikielekea mikononi mwa wakomunisti, akaenda London. Alisoma London School of Economics huku akifanya kazi ya uhudumu wa hoteli na upagazi wa reli. Huko alimjua mwanafalsafa Karl Popper, aliyejenga hoja kwamba hakuna mtu wala chama chenye kuimiliki kweli yote, na kwa hiyo jamii bora ni ile inayoruhusu watawala kukosolewa na kuondolewa bila damu kumwagika. Kijana aliyekimbia ufashisti kisha ukomunisti aliipokea fikra hiyo kama mtu aliyekwisha kuiishi. Mwaka 1956 alihamia New York, na mwaka 1961 akawa raia wa Marekani.

Namna fedha ilivyopatikana

Utajiri wa Soros haukutokana na kiwanda wala mafuta. Aliendesha mfuko wa uwekezaji, uliokuja kujulikana kama Quantum, uliokusanya fedha za matajiri wachache, kukopa juu yake, na kubashiri kupanda na kushuka kwa bei za hisa, sarafu na dhamana.

Mfano unaotajwa daima ni wa 16 Septemba 1992, na unastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu sifa njema na mbaya za mtu huyu zote zinakutana humo. Oktoba 1990 Uingereza ilikuwa imejifunga katika mfumo wa Ulaya wa kushikamanisha sarafu, ikiahidi kwamba pauni haitashuka chini ya kiwango fulani dhidi ya mark ya Ujerumani. Ujerumani, baada ya kuungana upya, ilipandisha riba ili kuzuia mfumuko wa bei. Uingereza nayo ilikuwa katika mdororo wa uchumi, watu wakipoteza kazi na nyumba, ikihitaji riba ya chini. Haikuweza kuilinda pauni na kushusha riba kwa wakati mmoja. Soros na mwenzake Stanley Druckenmiller waliliona pengo hilo. Walikopa pauni, wakaziuza na kununua mark, kwa matumaini kwamba pauni ikianguka watazinunua tena kwa bei nafuu, walipe mkopo na kubaki na tofauti. Dau lao lilifikia takriban dola bilioni 10. Siku hiyo Benki Kuu ya Uingereza ilinunua pauni kwa mabilioni, ikapandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12 na kutangaza 15, na kufikia jioni serikali ikasalimu amri. Soros alipata faida ya takriban dola bilioni moja. Hazina ya Uingereza ilikuja kukadiria baadaye kwamba hasara ya umma ilikuwa pauni bilioni 3.3.

Je, aliivunja pauni? Hakuwa peke yake. Mabenki na mifuko mingi ilikuwa ikiuza siku hiyo. Chanzo kilikuwa ahadi ya serikali isiyolingana na hali ya uchumi wake, na uchumi wa Uingereza ulianza kupata nafuu baada ya kujinasua. Lakini faida yake ilitoka mfukoni mwa walipakodi, na hilo halifutiki kwa kusema kwamba kosa lilikuwa la mawaziri.

Hali kama hiyo ilijirudia Asia mwaka 1997. Mfuko wake ulikuwa umebashiri kuanguka kwa baht ya Thailand miezi kadhaa kabla serikali ya nchi hiyo haijaiachia tarehe 2 Julai. Waziri Mkuu wa Malaysia, Mahathir Mohamad, alimshutumu hadharani na kuingiza suala la Uyahudi wake. Mwaka 2006 wawili hao walikutana, na Mahathir akakubali kwamba Soros hakuwa chanzo cha msiba ule. Thailand ilikuwa imejaa madeni ya muda mfupi ya dola huku ikiishikilia sarafu yake kwa akiba iliyokuwa ikiyeyuka. Hata hivyo, mchuuzi wa Bangkok aliyepoteza riziki yake hakuwa na nafasi yoyote katika maamuzi ya pande zote mbili.

Doa la kisheria pia lipo. Mwaka 2002 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kununua hisa za benki ya Société Générale mwaka 1988 akiwa na taarifa za ndani. Hatia hiyo haikufutwa katika rufaa, na mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa hoja zake kwa kura 4 dhidi ya 3.

Mashine za kunakili na chuo kikuu

Ufadhili wake ulianza Afrika. Mwaka 1979 alitoa fedha za masomo kwa wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini ikiwa bado chini ya ubaguzi wa rangi. Lakini mbinu yake ilikomaa Hungaria. Mwaka 1984 alikubaliana na Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo kuanzisha wakfu mjini Budapest. Moja ya mambo ya kwanza uliyofanya ni kugawa mashine za kunakili kwa maktaba na taasisi. Katika nchi ambayo chama kilidhibiti kila karatasi iliyochapishwa, mashine hizo zilikuwa tishio kuliko hotuba mia. Watu waliokuwa tayari na la kusema walipata namna ya kulisambaza.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, fedha ziliongezeka. Mwaka 1991 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati. Mwaka 1992 alitenga dola milioni 100 kwa ajili ya wanasayansi wa iliyokuwa Sovieti waliobaki bila mishahara. Sarajevo ilipozingirwa, alitoa dola milioni 50, na sehemu yake ikatumika kuwapatia maji wakazi waliokuwa wakipigwa risasi kwenye foleni za visima. Tangu 1984 amekwisha kutoa zaidi ya dola bilioni 32, zikiwamo bilioni 18 alizozihamishia wakfu wake wa Open Society, jambo lililojulikana mwaka 2017.

Mpinzani wake mkubwa alinufaika pia. Mwaka 1989 Viktor Orbán alikwenda Oxford kwa ufadhili wa masomo uliotokana na fedha za Soros. Orbán huyo, baada ya kurudi madarakani mwaka 2010, na hasa baada ya wimbi la wakimbizi la 2015, alimfanya Soros adui wa taifa. Mwaka 2017 mabango yenye uso wake akicheka yalitapakaa nchini kwa fedha za serikali. Sheria ya mwaka huo ilivitaka vyuo vilivyosajiliwa nje kuwa na kampasi katika nchi ya usajili na mkataba kati ya serikali mbili. Chuo chake kikahamia Vienna, na wakfu wake ukaihama Budapest kwenda Berlin mwaka 2018. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2020 kwamba sheria ile ilikiuka sheria za Umoja huo, lakini wanafunzi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Urusi ilikuwa imefunga mlango mapema zaidi, mwaka 2015, kwa kuutangaza wakfu huo kuwa usiotakiwa. Uzbekistan iliufukuza mwaka 2004. Mambo haya ni muhimu kwa yeyote anayeamini kwamba Soros huangusha serikali apendavyo. Serikali iliyoamua kumfukuza humfukuza, naye hana jeshi wala kura ya kuizuia.

Katika siasa za Marekani

Mwaka 2004 alitumia karibu dola milioni 27 kujaribu kumzuia George W. Bush asichaguliwe tena. Bush alishinda. Kiasi hicho kilishangaza watu wakati ule. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010, ulioondoa ukomo wa matumizi huru ya makampuni na vyama vya wafanyakazi katika uchaguzi, milango ya fedha kubwa ilifunguka. Katika uchaguzi wa 2022 Soros aliweka dola milioni 125 katika kamati ya kuwasaidia wagombea wa chama cha Democratic.

Hata hivyo, fedha zake ndogo ndizo zilizofanya kazi kubwa. Waendesha mashtaka wakuu wa miji na kaunti nyingi za Marekani huchaguliwa kwa kura, na katika chaguzi hizo hujitokeza watu wachache, hivyo dola milioni moja au mbili zinaweza kugeuza matokeo. Kuanzia mwaka 2015 hivi, Soros alifadhili wagombea walioahidi kupunguza vifungo na kuacha kuwaweka maskini mahabusu kwa kukosa dhamana. Larry Krasner alishinda Philadelphia mwaka 2017, na wapiga kura wakamrudisha. George Gascón alishinda Los Angeles mwaka 2020, na wapiga kura wakamwondoa mwaka 2024. Fedha ilimfikisha mgombea mlangoni, lakini kumweka ndani kulihitaji wananchi kuridhika na kazi yake.

Hoja za pande mbili

Wanaomtetea wana hoja tatu zinazostahili kuheshimiwa. Kwanza, anatoa kwa uwazi kuliko matajiri wengi. Sehemu kubwa ya ruzuku za wakfu wake hutangazwa. Pili, anafadhili mambo yasiyo na soko wala wapiga kura wengi: haki za wafungwa, Waroma wa Ulaya Mashariki, wagonjwa wanaonyanyapaliwa, waandishi wa habari za uchunguzi. Serikali mara nyingi haitaki kuyagusa, na mfanyabiashara haoni faida ndani yake. Tatu, mara kadhaa ametaka kodi kwa matajiri iongezwe, yaani amepigania sheria ambayo ingemgharimu yeye mwenyewe.

Wanaompinga nao hawana mikono mitupu. Uzito wa hoja yao kubwa hautegemei asili yake wala dini yake. Mtu mmoja, kwa kuwa alikuwa hodari wa kubashiri sarafu, amepata sauti katika sheria za jinai za miji ambamo haishi, mitaala ya vyuo vikuu, na mijadala ya maadili ya nchi nyingi. Hakuna aliyempigia kura. Akikosea, hakuna wa kumwondoa. Yeye aliyejifunza kwa Popper kwamba kila mwenye mamlaka awe na wa kumkosoa na kumwondoa, amejenga mamlaka isiyo na mlango huo. Kwa maoni yangu hili ni jeraha halisi katika kazi yake, na idadi ya mema aliyotenda hailiponyi.

Udhaifu wa wapinzani ni kwamba wengi wao huikataa fedha ya Soros tu. Elon Musk, mhamiaji mwingine, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitumia zaidi ya dola milioni 250 katika uchaguzi wa Marekani wa 2024, kisha akapewa kazi ndani ya serikali mpya. Wengi waliompigia Soros kelele kwa miaka ishirini walishangilia. Ubaya wa tajiri kununua ushawishi hauwezi kutegemea chama anachokisaidia.

Ipo pia sumu ambayo haifai kuitwa hoja. Taswira ya Myahudi tajiri anayeendesha dunia kutoka gizani ni ya zamani kuliko Soros, na imewahi kuua mamilioni. Oktoba 2018 bomu lilikutwa katika sanduku la barua la nyumba yake, la kwanza kati ya mengi yaliyotumwa na mtu mmoja kwa watu waliompinga Trump. Uzushi huo huumiza hata ukosoaji wa haki, kwa sababu mwenye swali la kweli kuhusu fedha na demokrasia hujikuta amesimama kundi moja na wenye chuki, akaamua kunyamaza.

Kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 2006 Soros aliahidi dola milioni 50 kwa mradi wa Vijiji vya Milenia uliobuniwa na mchumi Jeffrey Sachs. Miongoni mwa vijiji hivyo vilikuwamo Sauri nchini Kenya, Mbola mkoani Tabora, Ruhiira nchini Uganda na Mayange nchini Rwanda. Kulikuwa na mbolea, vyandarua, zahanati. Watafiti waliukosoa mradi kwa sababu haukuwekwa vizuri kulinganisha vijiji hivyo na vingine visivyosaidiwa, hivyo ikawa vigumu kujua mabadiliko yapi yaliletwa na fedha hizo na yapi yangekuja yenyewe.

Upande wa siasa, wakfu wake ulifungua ofisi ya kanda Nairobi, ukafadhili asasi za haki za binadamu, vyombo vya habari na afya ya makundi yanayotengwa. Mkurugenzi wa kwanza wa ofisi hiyo, Mkenya Binaifer Nowrojee, tangu 2024 ndiye rais wa wakfu mzima duniani. Huyo si kibaraka wa kutumwa; ni mwanasheria aliyeiongoza kwanza ofisi ya hapa, kisha akapanda hadi kuuongoza wakfu wenyewe.

Lakini utegemezi una gharama. Mwaka 2023, baada ya Alexander kurithi uongozi, wakfu ulitangaza kupunguza asilimia 40 ya wafanyakazi na kubadili vipaumbele. Asasi iliyopanga bajeti yake juu ya ruzuku moja haina la kufanya uamuzi kama huo unapotolewa mbali na inapofanyia kazi. Ruzuku pia hufundisha asasi kuandika ripoti kwa lugha ya mfadhili kabla ya kusema na wanakijiji inaowatetea. Na kwa kuwa wakfu huo umefadhili pia haki za mashoga na za wanaofanya biashara ya ngono, mwanasiasa anayetaka kuizima asasi inayofuatilia zabuni za barabara hupata silaha rahisi: hawa ni watu wa Soros. Mjadala wa barabara unakufa hapo.

Kupima

Ukitazama miaka arobaini ya kazi yake, fedha ya Soros imekuwa na nguvu pale ambapo watu wa mahali walikuwa tayari wameanza safari: Wahungaria waliotaka kuchapisha, waendesha mashtaka na mawakili wa Marekani waliochoshwa na magereza yaliyofurika. Imeshindwa pale serikali ilipoamua kuizuia, na pale wapiga kura walipokuwa na mawazo mengine. Hiyo ni nguvu kubwa kwa mtu binafsi, na ni ndogo mno kwa mtu anayedaiwa kuitawala dunia.

Swali gumu kwetu ni la nani atalipia ukosoaji wa serikali kama si mgeni. Ethiopia ilijaribu kulijibu kwa amri. Sheria yake ya mwaka 2009 ilizikataza asasi za haki za binadamu kupata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zao kutoka nje. Matajiri wa ndani hawakujitokeza kujaza pengo, kwa sababu mwenye leseni, zabuni na kodi mikononi mwa serikali haoni busara ya kumlipia anayeikosoa. Asasi nyingi zilifunga au zikabadili kazi, hadi sheria ilipofutwa mwaka 2019. Kenya ilipendekeza ukomo wa asilimia 15 mwaka 2013, Bunge likakataa. Tanzania ilichagua njia ya uwazi: kanuni za 2018 zilizitaka asasi zitangaze fedha zinazozidi shilingi milioni 20.

Kati ya hizo, uwazi ndio njia ninayoiunga mkono, kwa sharti kwamba usiishie kwa asasi. Mwananchi ana haki ya kujua kama utafiti anaousoma umelipiwa na Soros, na ana haki ileile ya kujua nani amelipia helikopta na fulana za mgombea anayeomba kura yake. Kenya ilitunga Sheria ya Fedha za Kampeni mwaka 2013. Ikasimamishwa kwa uchaguzi wa 2017. Kuelekea uchaguzi wa 2022 tume ilitangaza viwango vya matumizi, Bunge likavikataa, na wagombea wakaingia ulingoni bila kikomo. Wabunge hao walikuwa wakiamua juu ya mifuko yao wenyewe na ya watu wanaowadai fadhila, na katika suala hilo jina la Soros halikutajwa kabisa.